Zuio la "muda" Tanga: mwenzangu kabadili makufuli Ijumaa, Jumatatu mahakama inasema hali ibaki ilivyo

Wakuu, mods naomba uzi huu usiunganishwe na zile za mirathi. Hii ni kampuni.

Tuna kiwanda kidogo cha barafu hapa Tanga, tunauzia wavuvi wa mwalo wa Deep Sea na wachuuzi wanaopeleka samaki bara. Wanahisa ni wawili, wakurugenzi ni sisi sisi, benki inataka saini zote mbili. Tukagombana juu ya hesabu. Sawa, biashara haikosi ugomvi. Ijumaa nikiwa msibani Pangani, mwenzangu akabadili makufuli, akaweka mlinzi wake, akamfukuza karani wa mauzo. Jumatatu akatinga mahakamani na hati ya dharura, akasikilizwa peke yake, akatoka na amri: hali ibaki kama ilivyo mpaka maombi ya zuio yasikilizwe.

Hali ipi sasa? Ya Alhamisi nikiwa na funguo, au ya Jumatatu nikiwa nje ya geti? Amri haisemi. Nilipofika kiwandani mlinzi alikuwa na nakala ndani ya mfuko wa nailoni. Kijana ana adabu zake, kanipa shikamoo kwanza, halafu: "Mzee samahani, hapa huingii." Nikaita polisi. Wakauangalia muhuri, wakanishauri nifuate taratibu.

Kinachoniuma ni kwamba sheria yenyewe si mbaya. Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai (hapo "amri" ni sehemu ya sheria, si amri ya hakimu) inataka upande wa pili upewe taarifa kwanza, isipokuwa pale ambapo kuchelewa kutaliua lengo zima la zuio. Zuio lisizidi miezi sita. Likiongezwa, jumla yake isipite mwaka, na mwenye zuio aonyeshe kuwa amekuwa akishughulikia shauri kwa bidii. Safi kabisa. Lakini wajanja wamepata uchochoro: zuio lenyewe halijatolewa! Tulichonacho ni amri ya kusubiria maombi ya zuio, na maombi hayasikilizwi. Tukienda yanatajwa tu, yaani yanapangiwa tarehe bila kusikilizwa. Leo hakimu ana udhuru, kesho wakili wa mwenzangu yuko Mahakama Kuu, tarehe nyingine, "amri inaendelea". Tanga waja leo waondoka leo, ila amri hii imekuja na godoro lake.

Vile vigezo vya kutoa zuio kutoka kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969, ambavyo kila wakili anavikariri (kuna hoja nzito ya kuamuliwa, kuna hasara isiyofidika, na nani ataumia zaidi kati ya wawili), hatujavigusa hata siku moja. Anayeishikilia biashara ana haraka ya nini? Ameshashinda bila hukumu. Nikaulizia rufaa, wakili wangu ananiambia amri ya kati isiyomaliza kesi haikatiwi rufaa.

Huku kiwandani barafu inauzwa taslimu, au pesa zinaingia kwenye namba ya simu ya shemeji yake. Siku za giza, vibua vinapotoka kwa wingi, mitambo inatakiwa iende usiku kucha. Fundi ananiambia kompresa haijabadilishwa oili na harufu ya amonia inasikika mpaka barabarani. Akaunti ya kampuni imekaa bure kwa sababu ya saini mbili. TRA hawana habari na hali kubaki ilivyo: PAYE (kodi ya mishahara) tarehe 7, ritani ya VAT tarehe 20, na kule BRELA, kwa wasajili wa kampuni, jina langu bado linasomeka mkurugenzi. Faida kwake, faini kwetu sote.

Wanasheria mliomo humu, maombi ya kufuta amri chini ya kanuni ya 5 ya hiyo Amri ya 37 tumeshapeleka, nayo yamepanga foleni. Sasa nataka kwenda na Amri ya 38, mahakama iweke mtu wa kati aendeshe kiwanda, akusanye mauzo na atoe hesabu. Kuna aliyewahi kuipata kwa biashara ndogo kama hii? Malipo ya huyo mtu anatoa nani, kampuni au mwombaji? Na kabla hajateuliwa, naweza kuomba pesa za mauzo ziwe zinawekwa mahakamani?

Wale wa "kaeni mzungumze kindugu" piteni kimya. Si ndugu yangu.