Tupeane uzoefu: siku za kabla ya hedhi, mabinti zenu wanakula nini?

Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 15, kidato cha pili. Mwaka mzima nimemgombeza bila kosa. Kila mwezi zilikuwepo siku za kununa, kulia akiambiwa aoshe vyombo, kichwa kinauma, sketi inambana tumboni. Nikaita jeuri. Dada yangu akaniambia niweke alama kwenye kalenda. Miezi mitatu mfululizo alama ziliangukia siku nne tano kabla hajaingia mwezini. Damu ikishatoka siku mbili, mtoto anaimba jikoni.

Nikaanza kuangalia anachokula. Asubuhi chai ya rangi kavu, anawahi daladala. Saa nne mihogo ya kukaanga na barafu ya ukwaju. Chakula cha maana ni cha usiku. Sasa naamka mapema, namchemshia kiazi kitamu na yai. Kununa kupo bado, ila mwezi uliopita hakukosa shule hata siku moja. Wenzangu mmefanyaje?

Mama Pacha: Wangu alikuwa anatafuna mchele mbichi. Nikikuta kopo limepungua nafoka. Kumbe viganja vyeupe, akipanda kilima anahema. Zahanati walimpima wingi wa damu, ikawa 9, yaani pungufu. Wakampa vidonge vya kuongeza damu, wakaniambia chai isiambatane na chakula kwa sababu inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, nimkamulie ndimu kwenye maharage. Baada ya miezi mitatu mchele ameuacha mwenyewe. Nisiwadanganye, hasira za kabla ya hedhi ziko palepale. Kilichoondoka ni ule uchovu.

Wa Bwenini: Mimi nina 17. Kwetu ni ugali maharage, huchagui. Siku hizo nilikuwa nakimbilia soda na biskuti, napata nguvu nusu saa halafu nazima kabisa. Sasa nikitoka likizo nabeba karanga na dagaa wa kukaanga. Matiti bado yanauma, ila sisinzii darasani. Wazazi, naombeni msituambie tunadeka. Inauma kuliko tumbo.

Nesi: Mdogo wangu, hudeki. Na hao dagaa endelea nao, wanaliwa pamoja na mifupa yao, ndiko iliko kalsiamu. Msichana wa umri wako anahitaji miligramu 1300 kwa siku. Mwaka 1998 huko Marekani kulitoka utafiti, wanawake waliopewa miligramu 1200 kila siku dalili zilipungua 48% kufikia mzunguko wa tatu, waliopewa vidonge visivyo na dawa 30%. Walikuwa watu wazima, kwa hiyo siwaahidi mabinti muujiza. Mtindi pia unafaa. Lakini binti anayekosa shule kila mwezi, au anayesema hataki kuishi, usimtibu kwa chakula. Mlete kituoni.

Baba wa Likoni: Mamake alifariki, mwanangu ana miaka 13. Nilikuwa naona haya kumuuliza. Nyinyi mulianzaje maneno haya?

Mama Pacha: Baba, pole sana. Usianze na hedhi. Mpe bakuli la uji, kaa naye, muulize jana alilalaje. Kalenda itundikeni jikoni, alama aweke yeye mwenyewe.