Nyuso zinakuwa kijivu baada ya kuweka LUT: kosa la kamera, taa au rangi?

MhaririWaKirumba
Wakuu, habari za leo. Nahariri tamthilia fupi tuliyopiga hapa Mwanza kwa kamera ya Sony A7 III, S-Log3 (rekodi ya logi, picha bapa inayohifadhi mwanga mpana). Rangi nafanyia programu ya DaVinci Resolve, toleo la bure. Shida ni nyuso. Kwenye fremu moja kuna dada wawili: mmoja maji ya kunde, mwingine mweusi tii. Nikiweka LUT (faili la kubadili rangi) ya "sinema" niliyonunua mtandaoni, wa kwanza anatoka vizuri, wa pili anakuwa kama kapakwa majivu. Nikipandisha vivuli uso wake unaonekana, lakini chenga zinajaa. Prodyuza naye kaiangalia kwenye TV yake, anasema yote ni kijani. Nianzie wapi?

FundiRangi_Dar
Mkuu, anza kwa kuitoa hiyo LUT. Itoe kabisa, usiipunguze nguvu tu. LUT ni jedwali la hesabu: rangi fulani ikiingia, fulani itoke. Haijui uso ni upi na ukuta ni upi. Nyingi za kuuzwa zinasukuma vivuli kwenye bluu-kijani ili ngozi nyeupe, iliyo juu ya vivuli, ijitenge kwa rangi ya chungwa. Sasa dada yetu mweusi tii uso wake uko humo humo kwenye vivuli, kwa hiyo bluu-kijani inamwangukia yeye. Majivu yako yanatoka hapo.

Badala yake, kwenye nodi (hatua ya kazi ya rangi) ya mwisho weka Color Space Transform (CST), zana ya kubadili rangi za kamera ziwe za skrini, imo hata kwenye toleo la bure. Inayoingia iwe S-Gamut3.Cine na S-Log3, kama ndivyo mlivyoseti kamera. Inayotoka iwe Rec.709 (kiwango cha rangi za TV), gama 2.4. Kazi yako yote ya rangi ifanye kwenye nodi zilizotangulia.

Kisha fungua vektaskopu (grafu ya rangi) na uwashe mstari wa ngozi. Zungushia uso dirisha la duara, uone nukta zinaegemea wapi. Mweusi tii, maji ya kunde, Mhindi, Mzungu, wote huangukia karibu na mstari uleule, kwa sababu rangi ya ngozi inatokana na melanini na damu. Zinazotofautiana sana ni mwangaza na ukolezi. Nukta zikivutwa kwenye kijani, ongeza majenta kidogo kidogo mpaka zirudi.

Na vivuli usivipandishe. Hili linaniuma kwa sababu ni nyuso zetu. Uso mweusi hauhitaji kufifishwa ndipo uonekane. Unaonekana kwa mng'ao wa paji, mfupa wa shavu na ncha ya pua. Viache vivuli chini, fanyia kazi ule mng'ao. Itazame sinema ya Moonlight ya 2016, mpiga picha James Laxton, kalaristi (fundi wa rangi) Alex Bickel. Sehemu zake tatu zilipewa mwonekano wa mikanda ya filamu tofauti, Fuji, Agfa na Kodak, vivuli ni vizito, na hakuna mwigizaji aliyegeuka kijivu.

Ubaguzi huu una historia. Maabara zilikuwa zikisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Na kilichoisukuma kampuni kurekebisha rangi za kahawia, kwa sehemu kubwa, ni malalamiko ya watengeneza chokoleti na samani za mbao. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie ngozi nyeusi "ni ngumu kugredi", yaani kurekebisha rangi yake.

TaaZaSeti_Nairobi
Naunga mkono, na naongeza upande wa taa. A7 III inarekodi biti 8, yaani ngazi 256 tu kwa kila rangi, na logi inazisambaza kwenye mwanga mpana. S-Log3 inaweka kijivu cha asilimia 18 kwenye asilimia 41 ya wevufomu (grafu ya mwangaza). Uso mweusi tii unakaa chini ya hapo, mahali penye chenga. Mkirudi seti, zidisheni mwanga stopu moja na nusu hivi (stopu moja ni mwanga mara mbili), mkichunga anga lisiungue, halafu mshushe kwenye gredi. Na msimkaushe dada huyo kwa poda. Wekeni chanzo kikubwa na laini pembeni yake, hata shuka jeupe lililopigwa taa, ili ngozi yake iakisi.

MhaririWaKirumba
Asanteni sana. Nimeitoa LUT, nimeweka CST, nukta zimerudi kwenye mstari. Dada kapendeza, na mwenzake hajaharibika. Bado TV ya prodyuza.

FundiRangi_Dar
Hongera mkuu. TV ya dukani mara nyingi huwa kwenye Vivid au Dynamic: nyeupe yake inaelekea bluu, na rangi zimezidishwa. Aiweke Movie au Filmmaker Mode, na toni ya rangi iwe Warm, ndiyo inayokaribia 6500 K, nyeupe ya Rec.709. Azime na kile kinachobadilisha mwangaza chenyewe. Na wewe, kama monita yako haijapimwa, ziamini skopu (hizo grafu) kuliko macho, hasa usiku ukiwa umechoka. Akiitazama hivyo na bado anaona kijani, tuma hapa fremu ya hiyo shoti pamoja na vektaskopu yake tuiangalie.