Mrejesho: SSD katika Dell OptiPlex 780
Ndugu zangu, niliuliza iwapo kompyuta yangu ya mezani, Dell OptiPlex 780 yenye diski ya kuzunguka ya GB 160, ingekubali SSD, yaani diski ya kielektroniki isiyo na sehemu inayozunguka. Imekubali. Nilinunua ya GB 240, nikahamisha mfumo mzima kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, na ingawa ubao mama wa kompyuta hii unaishia SATA 2, yaani njia ya kuunganisha diski yenye kasi ya hadi gigabiti 3 kwa sekunde, Windows iliyokuwa ikinipa nafasi ya kuchemsha chai sasa inafunguka kabla sijavuta kiti vizuri.

Mara ya kwanza SSD haikusomeka kabisa. Kumbe waya wa data haukuingia hadi mwisho. SSD ya inchi 2.5 ilipwaya katika nafasi ya inchi 3.5, kwa hiyo nimeibana kwa skrubu mbili za upande mmoja, jambo lisilo na hatari kwani ndani yake hakuna kinachozunguka.