Mwezi mmoja Barbados bila gari, inawezekana?

Mtoka_Tanga
Wakuu, salaam. Nakwenda Barbados Januari, mwezi mzima. Chumba nimeshapata Worthing, pwani ya kusini, kina jiko. Gari sitaki kukodi. Nataka kufika Bathsheba, pwani ya mashariki, na kaskazini kwa usafiri wa kawaida. Nauli zikoje, pa kuogelea ni wapi, na nibebe nini ambacho kule kitanisumbua kukipata? Pasipoti ni ya Tanzania, tiketi bado sijakata.

Kituo_cha_Mwisho
Mkuu, bila gari inawezekana kabisa, na Worthing umechagua vizuri. Kisiwa chote ni kama kilomita 34 kwa 23, na njia nyingi zinaelekea Bridgetown, mji mkuu.

Magari ya abiria ni ya aina tatu: mabasi ya buluu ya serikali, mabasi madogo ya njano, na vipanya vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee. Hivyo vipanya namba zake zinaanza na ZR, na jina lake ndilo hilo hilo, ZR. Nauli ni moja, dola 3.50 za Barbados, ushuke kituo cha pili au mwisho wa njia. Dola 2 za kwao ni dola 1 ya Marekani, kiwango hakipandi wala hakishuki.

Kwenye basi la buluu dereva hana chenji. Uwe nayo kamili mkononi: noti ya 2 (ya buluu), sarafu ya 1 yenye pembe saba, na senti 25 mbili. Kwenye ZR konda anarudisha chenji, ila usimpe noti ya 50 asubuhi.

Vituo vina vibao vya aina mbili. "To City" ni kwenda Bridgetown, "Out of City" ni kutoka. Punga mkono, ukisimama kimya gari linapita.

Hapo Worthing, ZR namba 11 inapita barabara kuu. Kwa Bathsheba, ingia Bridgetown kwanza, kisha panda basi la buluu stendi ya Fairchild Street. ZR haikushushi ndani ya stendi hiyo, kwa hiyo weka muda wa kutembea kidogo. Mabasi ya upande ule yanapishana kwa muda mrefu, na hapa ndipo wageni wengi wanakwama: wanajua la kwenda, la kurudi hawalijui. Muulize dereva kabla hujashuka. Januari, saa kumi na mbili jioni giza linaanza kuingia.

Kasa_wa_Mchana
Naongezea la bahari, maana mtu wa Tanga anaweza kudhani anaijua.

Kwetu maji yakipwa, bamvua inaacha mwamba wazi na unaenda mguu mkavu. Barbados tofauti ya maji kupwa na kujaa ni mita moja hivi tu. Usikae kusubiri bahari irudi nyuma, hairudi. Kinachoamua ni upande. Magharibi na kusini-magharibi kumekingwa na upepo, na Carlisle Bay maji yametulia, kuna kasa na meli zilizozama unazoweza kuziona kwa miwani ya kuzamia. Worthing nako kuna mwamba mbele unaovunja mawimbi.

Mashariki ni Atlantiki tupu. Bathsheba usiogelee. Wimbi linaporudi linakuta mapengo kati ya miamba, na maji yote yanatokea hapo kwa kasi kuelekea nje. Hata mwogeleaji hodari hawezi kushindana nayo. Wenyeji hujilaza kwenye vidimbwi vilivyozungukwa na mawe, wanakaa hapo hapo. Ukitaka kuogelea upande ule, nenda Bath, kusini kidogo, ambako mwamba umeizuia bahari.

Ufukweni angalia miti iliyopigwa mstari mwekundu kwenye shina. Huo ni manchineel. Matunda yake ni kama vitufaha vya kijani, na utomvu wake mweupe unaunguza ngozi. Mvua ikinyesha usijikinge chini yake: matone yanayopita kwenye majani yanashuka na utomvu. Ukiguswa, osha kwa sabuni na maji mengi, na mkono usipeleke jichoni.

Adapta
Kabla ya tiketi: ukipita Marekani unahitaji viza yao hata kama hutoki uwanjani, na Uingereza nako uliza viza ya kupita. Watu wanakata tiketi ya bei nafuu kupitia Miami, wanarudishwa kaunta Dar. Kadi ya njano ya homa ya manjano ibebe, chanjo iwe imepita siku 10.

Umeme ni volti 115 na plagi ni ya pini mbili bapa. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240 inahitaji adapta tu. Birika na pasi viache. Volti ikishuka nusu, joto linashuka hadi robo: birika la wati 2,000 linabaki na wati 500, maji hayachemki kwa wakati.

Nguo ya madoadoa ya kijeshi, hata kofia au ya mtoto, ni kosa kisheria. Usipakie.

Malaria ya kule kule haipo, ila dengi ipo na mbu wake anauma mchana. Ukipata homa wiki za mwanzo mwambie daktari waziwazi kwamba umetoka Tanzania akupime malaria, kwa sababu hatakuwa akiifikiria.

Chakula hakitakupa tabu. Maji ya bomba yananyweka. Cou-cou ni sima ya mahindi iliyosongwa na bamia, huliwa na samaki panzi, yule anayeruka juu ya maji. Shelisheli wanachoma na kuchemsha kama pwani yetu.

Mtoka_Tanga
Shukrani sana wakuu. Kaskazini je, North Point?

Kituo_cha_Mwisho
Hapo nakushauri tofauti: kodi gari siku moja. Basi la Speightstown, mji wa kaskazini-magharibi, ni rahisi, lakini kutoka hapo kwenda North Point ni kusubiri na kutembea juani. Wanaendesha kushoto kama kwetu. Kibali cha dereva mgeni omba kwa huyo huyo anayekukodisha. Gari la kukodi namba yake inaanza na H, kwa hiyo kila mtu anajua wewe mgeni, na wanakuachia nafasi. Barabara za ndani ni nyembamba, zimezingirwa na miwa: piga honi kabla ya kona.