Ameumia uti wa mgongo (T4), sukari na tumbo vinapanda: afanye mazoezi gani akiwa kwenye kiti?

Mlezi_Jinja
Wanajamvi, hamjambo. Namwombea ushauri mdogo wangu, miaka 34. Ajali ya boda, uti wa mgongo umekatika T4 (pingili ya nne ya kifua): chini ya kifua hana nguvu wala hisia, mikono ni mizima. Anatumia kiti cha magurudumu na anajiwekea katheta (mrija wa kutoa mkojo) mwenyewe. Sukari kabla ya kula ni 6.4, dawa hajaanza. Tumbo linakua ingawa kilo ni zilezile. Jimu hakuna karibu, na njia ya kwetu ni murram yenye mlima. Aanzie wapi, na nitajuaje anajitahidi vya kutosha?

Kasi_256
Asukume kiti mpaka mapigo yafike 150 na jasho limtoke. Hakuna dawa nyingine.

Fizio_Entebbe
Hapana ssebo, kipimo hicho si cha T4. Neva zinazouharakisha moyo hutoka sehemu ya juu ya kifua, T1 hadi karibu T5. Aliyeumia hapo au juu zaidi anaweza kuchoka hoi huku mapigo yamekwama kwenye 120 au 130. Jasho nalo halitoki chini ya jeraha, kwa hiyo mwili unapata joto haraka. Afanye asubuhi, na awe na chupa ya kupulizia maji usoni, shingoni na mikononi.

Kipimo kizuri ni mdomo: aweze kusema sentensi fupi, lakini kuimba kumshinde. Kwa ajili ya sukari na mafuta mwilini, lengo ni dakika 30 za namna hiyo mara 3 kwa wiki. Dakika 20 mara 2 zinaongeza pumzi na nguvu, ila kwa sukari hazitoshi. Aanze kwa kusukuma dakika 2 na kupumzika 1, jumla dakika 10, kisha aongeze kila wiki. Mlima auache, unaua mabega. Uwanja wa mpira wa shule unatosha. Tairi zijazwe upepo kwanza, na msukumo uwe mrefu na wa taratibu, si vipigo vifupi vya harakaharaka.

Siku 2 za wiki ni za nguvu. Kata mpira wa ndani wa baiskeli, ufunge kwenye nguzo imara usawa wa kifua, avute kuelekea mbavuni mara 8 hadi 10, raundi 3. Kisha kiwiko kikae ubavuni, azungushe mkono kwenda nje. Mazoezi ya kuvuta yawe mengi kuliko ya kusukuma, kwa sababu kiti chenyewe kinamfanya asukume kutwa nzima. Na hapa wengi huanguka: mpira unamvuta mbele, na T4 hana misuli ya kiwiliwili ya kumshika. Mfunge kifuani kwa kitambaa kipana hadi kwenye mgongo wa kiti, weka breki, na kabla ya hapo rudisha kiti nyuma kidogo ili magurudumu madogo yatazame mbele. Mpira wenye nyufa tupa, ukikatika unapiga uso.

Lishe_Mbale
Mimi naona tumbo litapungua jikoni zaidi kuliko uwanjani. Misuli ya miguu ndiyo ilikuwa inakula sukari nyingi. Imesinyaa, mafuta yamechukua nafasi yake, ndiyo maana mzani haukwambii kitu. Mpime kiuno amelala chali. Sentimita 94 au zaidi ni onyo.

Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, karibu vijiko 7 vya chai. Nusu saa ya mikono inaweza kuishia kufuta chupa hiyo moja tu. Sahani isiwe na matoke, posho (ugali) na wali kwa pamoja (najua, wageni watanuna). Achague kimoja, kiasi cha ngumi, halafu mboga za majani kama dodo au nakati nusu ya sahani. Mchuzi wa karanga upimwe kwa kijiko. Maharage yaongezwe polepole kwa wiki kadhaa, la sivyo ratiba yake ya choo itavurugika.

Mlezi_Jinja
Asanteni sana. Swali moja: akisukuma kwa muda, wakati mwingine kichwa kinamgonga ghafla na jasho linatoka usoni. Ni uchovu?

Nesi_Arua
Ndugu, hilo usilichukulie kama uchovu. Aliyeumia T6 kwenda juu, kibofu kikijaa, choo kikikwama au ngozi ikibanwa, presha inaweza kuruka ghafla. Simamisha zoezi. Aketi wima, miguu ining'inie, usimlaze. Legeza mkanda, viatu na kitambaa cha kifuani. Toa mkojo kwa katheta, kisha kagua makalio na visigino. Pima presha kila baada ya dakika chache. Presha yake ya kawaida huenda ni 100 tu ile ya juu, kwa hiyo 130 kwake si nzuri. Ikibaki 150 au zaidi, au usipopata chanzo, hospitali mara moja.

Akipata kizunguzungu bila kichwa kuuma, hiyo ni presha kushuka; hapo ndipo unamwegemeza nyuma na kuinua miguu.

Kuanzia leo atoe mkojo kabla ya kila zoezi, na kila dakika 15 hadi 30 ainamie mbele kwa dakika 2, makalio yapate damu.

Fizio_Entebbe
Naunga mkono. Kwanza aonwe na daktari kuhusu hicho kichwa, mpira na uwanja vitasubiri. Akiwa huko aombe kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa baada ya saa 2. Kwa watu wa uti wa mgongo sukari ya asubuhi huweza kuonekana afadhali, kumbe baada ya chakula inapaa. Na kama ana sikoseli au upungufu wa damu amwambie daktari, maana kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 kinaweza kudanganya.