Kayaki za wageni kwenye ardhi oevu iliyorudishwa: ziruhusiwe au zizuiwe?

Kasia Mbili (mleta mada)
Wadau, naleta hili tulijadili. Ardhi oevu ilikaushwa kwa ajili ya kilimo, baadaye ikarudishiwa maji, matete yakaota, ndege wakarejea. Je, wageni waingie humo kwa kayaki wakiwa na mwongozaji, wapite kwenye mifereji na kutazama ndege? Mimi ni mwongozaji na nasema waingie. Kayaki haina injini, haimwagi mafuta, na ada za wageni zinasaidia kutengeneza milango ya maji na kung'oa magugu. Mtu akishamwona mnandi akiibuka na samaki mdomoni hatua chache kutoka alipo, hatakubali tena pale pakaushwe. Wanaonishangaza ni watazamaji wa ndege wa nchi kavu. Wanataka tufungiwe mwaka mzima, huku wao wamesimama ukingoni na simu, wanapiga milio iliyorekodiwa ili ndege atoke mafichoni. Karibuni.

Darubini
Nilikuwa nakuunga mkono mpaka nilipofika hapo kwenye simu. Nani kakwambia watazamaji wote tunapiga milio? Simu yangu hukaa mfukoni tangu naingia hadi natoka. Usitutie wote kapu moja kwa sababu ya wachache uliokutana nao.

Matete
Kabla hamjagombana. Nimefanya kazi ya kurudisha maeneo kama hayo, na ukimya mnaousifia ndio unaonipa wasiwasi. Boti ya injini ndege huisikia mapema, akajiondokea taratibu. Kayaki inapita hata penye maji ya kifundoni, inakata kona ya matete, na ndege anaiona ikiwa imeshamfikia. Kibisi hujenga kiota kinachoelea, amekishikiza kwenye mimea. Akipata nafasi huyafunika mayai kwa majani kabla ya kuondoka. Akishtuliwa anayaacha wazi, na kunguru wapo juu wanaangalia.

Halafu kuna bata. Wengi wao baada ya kuzaa hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa mpigo, wakakaa wiki tatu au nne hawawezi kuruka. Mgeni anapiga picha anafurahi kwamba bata wamezoea watu. Hawajazoea, wamekwama tu. Na eneo lililorudishwa juzi mimea yake bado michanga, hawana pa kujificha. Kwa hiyo niambieni kwanza mnaingia miezi ipi na kwa mfereji upi, ndipo niseme ndiyo au hapana.

Kasia Mbili
Darubini, usinilishe maneno. Sikuandika "wote". Ila nimewaona kwa macho yangu, watu watatu wamezunguka kichaka kimoja, kila mmoja na kipaza sauti chake. Sisi tukipita mita hamsini kutoka hapo tunaambiwa tunasumbua ndege.

Mzee wa Lindo
Hili lilishaamuliwa zamani. Kuna Mkataba wa Ramsar wa 1975, ule wa kimataifa wa ardhi oevu. Eneo likishaandikishwa, binadamu hakanyagi. Mnapoteza muda.

Bi Mafunjo
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapana. Mkataba ulitiwa saini 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar, Iran. Mwaka 1975 ndipo ulipoanza kutumika. Na msingi wake ni matumizi ya busara, haufukuzi watu. Kuna vigezo vya kuliorodhesha eneo, mathalani liwe linabeba kwa kawaida ndege wa majini 20,000 au zaidi, lakini hakuna kinachotaka pasiwe na mtu. Tazama mabwawa ya kusini mwa Iraki. Serikali ya Saddam Hussein iliyakausha miaka ya 1990, na 2003 wenyeji wenyewe ndio waliovunja matuta maji yakarudi. Leo ni Urithi wa Dunia wa UNESCO, tangu 2016, na mitumbwi inapita humo kila siku. Hao nao tuwatoe?

Mzee wa Lindo
Binti, sikuja kusomeshwa tarehe. Mtu anayepiga kasia kutafuta riziki yake na mtu aliyelipa aje kupiga picha hawawezi kupimwa kwa mizani moja. Huyo wa kwanza amekuwapo kabla ya mkataba wenu.

Darubini
Hapo Mzee kasema. Na nirudi kwenye simu, maana Kasia Mbili anaikwepa. Ndege anapousikia mlio wa mwenzake anajua mpinzani kaingia kwenye himaya yake. Anaacha mayai, anaacha kula, anakuja kupigana na kitu ambacho hakipo. Kwa hiyo mimi ni wa kwanza kulipinga hilo. Ila usilitumie kama ngao ya kayaki zako.

Mwari
Mimi ni mwongozaji na milio huwa napiga. Mara moja, kwa sauti ya chini, na kamwe si wakati wa kutaga. Kuna ndege wa ndani ya matete ambao mgeni atakaa wiki nzima bila kumwona hata mmoja. Je, aende zake akiamini hawapo?

Darubini
Ndiyo, aende zake! Kusikia kwamba yupo kunatosha. Hulipwi kumtoa ndege nyumbani kwake.

Mwari
Punguza munkari, ndugu. Wewe unazungumza kama mwenye eneo.

Bi Mafunjo
Mnaweza kuacha simu kidogo? Bonde la Hula, Israel. Lilikaushwa miaka ya 1950, udongo wa mboji ukakauka, ukashika moto na kudidimia, na sehemu yake ikarudishiwa maji 1994. Sasa korongo kwa makumi ya maelfu hukaa hapo majira ya baridi. Wageni wanapelekwa kwa behewa linalovutwa na trekta, kwa sababu korongo hao hulishwa mahindi kwa trekta ili wasiende mashambani, hivyo hawaliogopi. Chombo ni kile kile, njia ni ile ile, ndege wanajua kitatokea wapi. Mwaka 2011 akaonekana tena chura wa Hula aliyekuwa ametangazwa kutoweka 1996. Kwa nini kayaki zisipite kwa utaratibu wa namna hiyo, njia moja iliyowekewa alama?

Mzee wa Lindo
Kulisha ndege mahindi ndiyo kurudisha asili? Mnafuga kuku sasa.

Matete
Naona swali langu la bata limepitwa. Naongeza jingine: kayaki inatoka ziwa hili asubuhi, jioni iko bwawa lingine. Vipande vya magugu na vikonokono vinasafiri kwenye tope la ndani na kwenye kamba. Nani anaikagua, anaiosha na kuiacha ikauke kabisa kabla ya kuingia?

Kasia Mbili
Kuosha tunaosha. Kuhusu miezi, niko tayari mifereji ya ndani ifungwe wakati wa kutaga na wakati bata hawaruki, tubaki kwenye maji ya wazi tu, mwongozaji mmoja kwa kayaki chache. Lakini kwa sharti: njia ya miguu ya ukingoni nayo ifungwe miezi hiyo hiyo.

Darubini
Njia ya ukingoni imetuhusu nini? Ndege wametuzoea pale, tunapita mahali pamoja kila siku.

Mwari
Hata bata wa Matete mlisema wamezoea.

Darubini
Aliyesema ni mgeni wa kwenye kayaki. Rudi juu ukasome.

Matete
Zifungwe zote mbili, mifereji na njia ya ukingoni. Na hizo kayaki, Kasia Mbili, mnazikausha au mnaziosha tu? Hujajibu.