Kuhesabu kalori au kukata wanga: kipi kilikupunguza kweli? Tupeane uzoefu

#1 – Mwanzisha mada

Wakuu, habari zenu. Nimepita njia zote mbili ndani ya miaka miwili, na natamani kusikia kutoka kwa waliozipitia wenyewe, siyo waliosimuliwa.

Nilianza na wanga. Niliacha wali, mkate, viazi na sukari kwa mkupuo. Wiki ya kwanza zikatoka kilo tatu na nusu, nikamtangazia kila mtu. Wiki ya pili nusu kilo. Ya tatu mizani haikusogea kabisa. Nikakata tamaa, nikarudi kwenye mkate, na ndani ya siku nne kilo mbili zikawa zimerudi. Nililia, nasema kweli.

Baadaye sana ndipo nikaelewa. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji kama gramu tatu. Ukikata wanga, akiba inatumika na maji yanatoka nayo. Ukirudisha wanga, maji yanarudi. Kwa hiyo zile kilo za mwanzo sehemu kubwa ilikuwa maji, na zilizorudi ni hayohayo. Laiti mtu angenieleza mapema, nisingeacha ile wiki ya tatu.

Mara ya pili nikahesabu kalori. Kilichonifungua macho ni mafuta ya kupikia. Siku zote niliandika "kijiko kimoja". Siku moja nikaweka sufuria tupu juu ya mizani ya jikoni, nikairudisha sifuri, nikamimina kama ninavyomimina kila siku. Gramu 41! Kijiko kikubwa ni kama gramu 14 tu. Na gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati ya wanga au protini ina 4. Nilikuwa naandika kalori 120 huku nakula karibu 370, tena chakula chenyewe bado hakijaingia sufuriani, na napika cha kula peke yangu.

Kwa njia hiyo nilipungua kilo 9 kwa miezi saba. Lakini nimechoka kupima kila kitu. Ninyi mlifanyaje, na nini kilidumu?

#2

Mimi ni wa kukata wanga na sirudi nyuma. Kuhesabu kulinishinda kwa sababu ya njaa. Nilikuwa natimiza kalori zangu 1,500, nyingi za mkate na biskuti, ikifika saa tano asubuhi mikono inatetemeka. Nilipohamia kwenye mayai, samaki na mboga za majani kwa wingi, njaa ilitulia siku ya tano hivi. Sihesabu chochote, nashiba mapema tu.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Siku tatu kichwa kiliuma na mwili ukalegea, kwa sababu ukikata wanga mwili hutoa maji na chumvi nyingi. Choo nacho kilikuwa kigumu mpaka nilipoongeza mboga. Sasa ni mwaka na miezi minne, kilo 14. Na siyo kwamba wanga ni sumu. Nilipouondoa, vitafunwa vyangu vyote viliondoka nao.

#3

Naomba niseme jambo zito kidogo. Mama yangu ana kisukari, anachoma insulini. Alisikia habari za kukata wanga, akaacha wali na mkate siku hiyohiyo, dozi ikabaki ileile. Usiku tulimkuta amelowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Kipimo cha sukari kilisoma 2.6, yaani ilikuwa imeshuka mno. Bahati nzuri alikuwa bado anaweza kumeza, tukampa maji ya sukari, akarudi taratibu.

Daktari alituambia kwamba kupunguza wanga si kosa, ila dozi ilipaswa kupangwa upya kwanza. Sasa anapunguza kidogokidogo akiwa chini ya uangalizi, na insulini imeshuka. Wenye insulini, au vidonge vile vinavyolisukuma kongosho litoe insulini, nawasihi: ongeeni na daktari kabla ya kubadili sahani.

#4

Pole sana kwa mama.

Mimi kalori, miezi mitano, kilo 6. Naandika kabla ya kula, siyo baada ya kula. Basi.

#5

#1 na #2, wote mko sahihi. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotoka 2018, ukiongozwa na Christopher Gardner. Watu 609, mwaka mzima, kundi moja likipunguza mafuta na jingine wanga. Hakuna aliyepangiwa kiwango cha kalori. Wote walihimizwa kula mboga nyingi na kupunguza sukari na unga uliokobolewa. Mwisho wa mwaka, waliopunguza mafuta walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.3, na wa wanga kilo 6.0. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuipa njia moja ushindi. Ila ndani ya kila kundi wapo waliopungua zaidi ya kilo 20, na wapo walioongezeka!

Na hayo mafuta ya #1 siyo yake peke yake. Mwaka 1992 watafiti Marekani waliwapima watu waliolalamika kwamba hawapungui hata wakila chini ya kalori 1,200. Ilionekana walichoripoti kilikuwa pungufu ya walichokula kwa karibu nusu. Mimi siwaiti waongo. Jicho halioni gramu.

#6

Kuhesabu kulinivuruga, na sitaki mtu apite nilipopita. Nilifika mahali nakataa mialiko kwa sababu siwezi kupima chakula cha mwenyeji. Nilikuwa naamka usiku kujumlisha tena. Hedhi ilikata miezi mitatu kabla sijakubali kwenda hospitali. Programu niliifuta kwenye simu hukohuko kwenye foleni. Kama umeshawahi kuwa na vita na chakula, usianze na namba.

#7 – Mwanzisha mada

#6, asante kwa kulisema hilo, nimelisoma mara mbili. #3, mfikishie mama salamu.

Nimeamua kujaribu hivi kwa miezi mitatu: nile kama #2, nisihesabu kitu, ila mafuta ya kupikia nitaendelea kuyapima kwa kijiko. Na wiki ya kwanza sitapanda kwenye mizani kabisa. #2, nisaidie: siku ukiwa kazini bila chakula chako, unakula nini? Na zile siku tatu za kichwa, uliendelea na mazoezi au ulipumzika?